Usimalize pesa yote kwa bei: mwongozo kamili wa kununua na kuishi na gari ya mkono wa pili, Nakuru mpaka Kisumu

Kila Disemba nikipanda mlima wa Sachangwan kwenda ushago naziona gari pale kando, boneti juu, mama amekaa kwa jiwe na mtoto mapajani, na baba ameshika chupa ya maji ya kunywa hajui amwage kwa radieta saa hii ama angoje. Gari yenyewe inang'aa, imeoshwa juzi, rimu ni mpya. Siwacheki. Mimi nimewahi kuwa huyo baba.

Yangu ya kwanza niliinunua laki nne na themanini, pesa yote ya sacco na kidogo nilikopa kwa mjomba, nikabaki na elfu mbili ya mafuta mfukoni. Haina haja kutaja ilikuwa ya aina gani wala nani aliniuzia. Miezi miwili haikuisha kabla niongeze laki na kumi juu yake, na hiyo yote ilikuwa deni. Baadaye nilipoketi na kalamu nikaona zile shida zote zilikuwepo siku ile nanunua, hakuna hata moja iliyozaliwa mikononi mwangu, ni vile sikuangalia, na hata ningeangalia sikuwa nimebakisha kitu cha kuzitengeneza. Kwa hivyo hapa naandika vile ningefanya, hatua kwa hatua, na vile nimefanya kwa gari mbili zilizofuata.

HATUA YA 1: Gawa pesa kabla hujaangalia gari hata moja

Tuseme una laki saba. Hiyo si pesa ya gari ya laki saba. Ni ya gari ya laki tano na nusu, ikizidi sana laki sita, na ile inabaki ndiyo mimi huita pesa ya pili. Haiguswi na broka, haiguswi muuzaji akikwambia ongeza kidogo tu tumalize. Hiyo pesa inalipa uhamisho na bima, inalipa sevisi kubwa ya mwezi wa kwanza, na inalipa ile kitu moja hukuiona siku ya kununua, na niamini itakuwepo. Gari kama imepita miaka kumi na imezunguka hizi barabara zetu, weka karibu robo ya bei. Kama imetoka Japani juzi na haina dosari, sehemu ya kumi inaeza kutosha.

Na hapa ndipo wengi huanguka: bei ya gari inashuka lakini bei ya spea zake haishuki nayo. Gari kubwa ya kifahari iliyokuwa inauzwa milioni tatu, leo iko kwa yadi laki saba, sawa, lakini shoki zake, sensa zake na giaboksi yake bado ni za gari ya milioni tatu. Ndio maana ukiona gari ya Ulaya ama Mark X inauzwa bei ya Fielder usifurahie haraka, jiulize kwa nini mwenyewe anaikimbia. Kama pesa ya pili haipo, shuka daraja, chukua gari ndogo iliyo nzima. Majirani watasema walilo nalo la kusema.

HATUA YA 2: Chagua injini na giaboksi, umbo baadaye

Watu huchagua gari na macho, rangi, taa za mbele, viti vya ngozi. Wewe anza na kilicho ndani ya boneti kwa sababu hapo ndipo pesa kubwa hulala.

Injini ya Toyota ya 1NZ-FE, wengi wetu tunaijua hata kama hatujui jina lake. Ni ile ya cc 1500 iko kwa Probox, Fielder, Axio, Premio na Allion za 1500, na Vitz zingine. Inatumia cheni badala ya mshipi wa taimingi (ule unaoendesha vali za injini), spea zake ziko kila mahali mpaka kule Mbale na Luanda za Vihiga, na fundi wa kijijini ameifungua mara mia. Si injini ya raha, haina mbio, lakini ikiharibika usiku Ahero utapata mtu wa kukusaidia. Hiyo ndiyo sababu bei yake haishuki, na kusema kweli wakati mwingine unalipia sifa kuliko gari, Probox iliyobeba miraa miaka saba inaitishwa pesa ya ajabu.

Toyota za zamani kidogo zenye maandishi ya D-4 (mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda), hasa ile injini ya 2000 ya 1AZ-FSE ya kwenye Noah za zamani, Wish za 2000 na Premio za kabla ya 2007, hizo nenda nazo polepole. Injini hizo hushika masizi kwa njia ya hewa, na zikichemka, bolti za silinda hedi huachia nyuzi. Hedi gasketi, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku ya injini, inakufa, fundi anabadilisha, baada ya wiki mbili inarudi vile vile kwa sababu bolti haishiki. Iko dawa yake, kuchimba na kuweka nyuzi mpya, lakini ni kazi ya mtu anayeijua na si ya bei ya chai.

Subaru, najua watu wa Nakuru mnazipenda. Forester na Impreza za injini ya EJ zinatumia mshipi wa taimingi na unafaa kubadilishwa karibu kila kilomita 100,000, ukikatika vali zinagonga pistoni na hiyo injini umeimaliza. Kwa hivyo ukiambiwa gari ina kilomita 110,000, swali la kwanza ni mshipi ulibadilishwa lini na risiti iko wapi. Hakuna risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa, toa hiyo pesa kwa bei. Injini za FB, zilizoanza 2010, zina cheni, hapo hiyo shida moja imeondoka.

Sasa giaboksi. Kuna watu wakisikia CVT, ile giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia, wanakimbia kama wameona nyoka. Mimi sikimbii, ila naogopa CVT isiyojulikana historia yake. Iko kwa Nissan Note, X-Trail, Honda Fit nyingi, Fielder na Vitz za karibuni, yaani ukiikataa kabisa umekataa nusu ya yadi. Kinachoiua hapa kwetu ni oili. Mtu anapitisha kilomita 90,000 bila kubadilisha, ama fundi anamwaga oili ya giaboksi ya kawaida ndani yake kwa sababu ndiyo ilikuwa dukani. Nissan inataka NS-2 ama NS-3 kulingana na mwaka, Toyota iko na yake imeandikwa CVT FE, Honda iko na yake, na hizi haziingiliani. Giaboksi ya kubadilisha, hata ile iliyotumika imetoka Japani, inakula karibu laki, ukiongeza oili na ufundi. Linganisha na oili ya elfu nane hadi kumi.

Honda Fit haibridi (ya petroli na umeme) na Vezel haibridi za kizazi cha 2013 zina giaboksi ya klachi mbili, na Honda yenyewe iliita Fit haibridi zirudi kurekebishwa mara tano huko Japani katika mwaka mmoja hivi wa kwanza, mara nyingi ikiwa ni programu ya kompyuta ya giaboksi. Zilizorekebishwa zinatembea vizuri, lakini mlima na jamu ndivyo hazipendi, kwa sababu klachi inashika na kuachia kila mara. Vile vile Volkswagen za DSG ya gia saba ya klachi kavu, kile kitengo cha kompyuta na mafuta wanachoita mekatroniki kikigoma, pesa yake inatosha kununua ng'ombe wawili wa gredi. Kwa mtu anayekaa Kisumu, na mtaalamu wake wa DSG yuko Nairobi, mimi ningesema wacha kwanza.

Haibridi za Toyota, Aqua na Fielder, zimethibitika, ila kuna tundu la kupitisha hewa ya kupoza betri kubwa, liko karibu na kiti cha nyuma. Vumbi la Njoro na Rongai likijaza kichujio pale, ama mtu akizibia na mizigo, betri inapata joto na kuzeeka haraka. Kusafisha ni dakika ishirini. Betri yenyewe nayo ni ya kuuza mbuzi.

Jambo lingine la huku juu: Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, Timboroa inapita 2,700. Hewa ni nyembamba, injini isiyo na tabo inapoteza nguvu. Vitz ya 1000 ni gari nzuri sana ya mjini lakini ukiijaza watu watano na magunia mawili ya viazi kutoka Molo, utakuwa unaipeleka kwa mizunguko ya juu safari nzima, inachoka haraka na wala hautaona ule uchumi wa mafuta uliosikia. Kama safari zako nyingi ni milima, 1300 ama 1500 itakuhudumia kwa bei rahisi kuliko 1000.

HATUA YA 3: Ya Japani ama ya hapa?

Sheria yetu, chini ya kiwango cha KS 1515, hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza. Mwaka 2025 kwa mfano mwisho ilikuwa gari za 2018. Kwa hivyo ukitaka ya 2012, hiyo utaipata kwa mtu ambaye ashaitumia hapa, na bei itakuwa chini sana.

Ukinunua yadi, iliyoingia juzi, itisha karatasi ya mnada wa Japani. Angalia gredi, 4 na 4.5 ni nzuri, 3.5 inavumilika, R ama RA maana yake iliwahi kugongwa ikatengenezwa. Kile kimchoro cha gari kina herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palinyooshwa, S na C ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Gari ya R haimaanishi uikatae, inamaanisha usiilipie bei ya 4.5. Na kilomita za kwenye karatasi zifanane na za dashibodi, ama zipungue kidogo. Kama kwa karatasi ni 142,000 na dashibodi inasoma 68,000, rudisha funguo, sema asante, enda nyumbani. Karatasi zenyewe pia hughushiwa, kuna huduma mtandaoni za kuitafuta kwa nambari ya chesisi ukilipa kidogo, fanya hivyo kabla ya kulipa kubwa.

Ya hapa hapa ina faida moja watu hawaihesabu: unaeza kumwona aliyekuwa anaiendesha. Gari ya mwalimu mstaafu wa Maseno aliyeipeleka kanisani na sokoni, na risiti ameweka kwa bahasha, hata ikiwa na kilomita 170,000 naichukua mbele ya ya yadi isiyo na historia. Gari ya teksi ya mtandaoni, aki hapana, hata ikiwa ya mwaka mpya. Angalia kiti cha dereva, usukani na pedeli ya breki. Usukani umelainika na kung'aa, raba ya pedeli imeisha upande mmoja, na dashibodi inasema 60,000? Mtu ameirudisha nyuma.

HATUA YA 4: Makaratasi, fupi tu

Fanya utafutaji wa gari kwa eCitizen kwenye huduma za NTSA, mamlaka ya usajili wa magari, ni mia tano hamsini, dakika chache. Jina litakaloonekana lazima liwe la huyo anayekuuzia, na kusiwe na jina la benki ama kampuni ya mkopo pembeni. Kama iko na mkopo wa logbuku, wamalize wao kwa wao kwanza. Linganisha nambari ya chesisi na ya injini na zile za kwenye karatasi, kwa macho yako, usiambiwe. Andikeni mkataba kwa wakili, mlipe kwa benki ili kuwe na alama, na uhamisho uanzishwe na muuzaji kwa akaunti yake mkiwa mmekaa pamoja, wewe ukubali kwa yako. Usikubali hadithi ya "nitatransfa wiki ijayo". Kuna watu wanaendesha gari za marehemu mpaka leo.

HATUA YA 5: Asubuhi, injini ikiwa baridi

Hii ndiyo hatua ya maana kuliko zote, na ndiyo tunaipitia mbio. Mwambie muuzaji utafika saa moja asubuhi na asiwashe gari. Ukifika ukute boneti ina joto, jua kuna kitu imefichwa, maana shida nyingi huonekana ile dakika ya kwanza tu.

Beba fundi wako. Wako, si wa muuzaji, si wa yadi, na umlipe siku yake hata msiponunua, elfu mbili ama tatu, ili asione akisema hapana amekosa. Ukitaka ripoti ya kuandikwa, AA Kenya, kile chama cha wenye magari, hufanya ukaguzi pia.

Gari ikiwa baridi fungua kifuniko cha radieta. Ndani kuwe na kulanti, yale maji maalum ya kupoza injini, ya rangi, ya pinki, nyekundu ama kijani, safi. Ukiona maji ya kahawia, hiyo gari imekuwa ikinyweshwa maji ya mfereji na ndani inaoza. Fungua kifuniko cha oili, pindua uangalie chini: ukipata uji wa rangi ya chai ya maziwa, maji na oili vimekutana, hedi gasketi ndio hiyo. Chomoa kijiti cha oili, iwe kati ya alama mbili. Oili mpya kabisa inayong'aa kwa gari inayosemekana haina shida yoyote pia inanipa wasiwasi, lakini hiyo pengine ni mimi na roho yangu ya kushuku.

Sasa simama nyuma, mtu mwingine awashe. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweupe unaoendelea hata baada ya injini kupata joto, na una harufu tamu tamu, ni kulanti. Mweusi ni mafuta mengi, mara nyingi hiyo ni ya kurekebishwa kwa bei ndogo. Kelele kama cheni ya baiskeli sekunde mbili tatu za kwanza halafu inanyamaza, ni cheni ya taimingi imeanza kulegea ama oili haikuwa inabadilishwa.

Ufunguo ukiwa umewasha umeme kabla ya injini, taa zote za dashibodi lazima ziwake: ya injini, ya breki za ABS, ya mifuko ya hewa. Halafu zizime injini ikiwaka. Taa ambayo haiwaki kabisa ni mbaya kuliko inayokataa kuzima, maana kuna mtu ameitoa balbu ama kuifunika. Fundi wako achomeke kimashine cha kusoma kompyuta, vile vidogo vya blututhi vinatosha, na aangalie kama kumbukumbu imefutwa asubuhi hiyo.

Zunguka gari ukiwa umechuchumaa, angalia mistari kati ya milango na boneti, iwe sawa pande zote. Bolti za kushika boneti na mapaja ya mbele (fenda) zikiwa na alama za spana, zilifunguliwa. Inua zulia la buti pale gurudumu la akiba linakaa, chuma iliyokunjamana ama mchanga wa mtoni pale ndani inakueleza mengi, moja ni ajali na nyingine ni mafuriko. Tairi zina tarakimu nne ndani ya kiduara, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi nne za kubadilisha ni elfu thelathini karibu, hiyo unaitoa kwa bei.

Halafu barabarani, na hapa usikubali kuzungushwa tu kwenye lami laini karibu na yadi. Kama uko Kisumu, ipandishe Riat kutoka Mamboleo, ikiwa na watu wanne, AC imewashwa. Kama uko Nakuru ipeleke ile barabara ya kupanda Menengai. Macho kwa sindano ya joto. Gari nyingi ndogo siku hizi hazina sindano, ziko na taa ya bluu na nyekundu peke yake, kwa hizo kimashine cha kompyuta kikuonyeshe digrii, inapokaa 90 na kitu hivi uko sawa, ikipita 105 na bado inapanda, geuza. Giaboksi isichelewe kushika ukiweka D ama R, isitetemeke kati ya mwendo wa 20 na 40, isilie kama mashine ya kusaga. Ukirudi chini, tafuta kipande cha barabara mbovu, na kwa uzuri ama ubaya hakikosekani, zima redio, sikiliza kama kuna kitu kinagonga chini. Kugonga kidogo kwa linki za stabilaiza ni elfu tatu nne zote mbili, hiyo isikukatishe tamaa. Raki ya usukani ikigonga, hiyo ni hesabu nyingine.

Mkirudi acha ingurume dakika kumi kisha angalia chini. Tone la maji safi la AC ni kawaida. Kitu kingine chochote muulize fundi.

Kila kasoro mmepata iandike na bei yake kando. Hiyo karatasi ndiyo ya kubagein nayo. "Punguza kidogo bosi" haifanyi kazi kama "shoki mbili za mbele, tairi nne, na oili ya giaboksi, jumla ni hii".

HATUA YA 6: Mwezi wa kwanza

Sasa pesa ya pili inaanza kazi. Chukulia kwamba hakuna kitu kimewahi kubadilishwa, hata kama uliambiwa sevisi ilifanywa juzi. Bei nazoweka ni za gari ya 1500 ya kawaida, vile mimi na wenzangu tunalipa, zitapanda na kushuka.

Oili ya injini na filta, elfu sita hadi saba. Filta ya hewa na ya AC, elfu mbili, ya AC ukiitoa utaona manyoya na majani hutaamini ulikuwa unapumua hiyo. Oili ya giaboksi aina kamili iliyoandikwa kwenye kitabu, elfu nane hadi kumi. Plagi za iridiamu nne kama zile za zamani zimeisha, elfu sita hivi. Breki pedi za mbele, elfu nne, na oili ya breki ibadilishwe maana hunyonya unyevu na hakuna mtu huikumbuka. Ukiteremka kutoka Mau Summit kwenda Salgaa ukiwa umekanyaga breki njia yote, oili ya breki ya zamani inachemka na mguu unazama hadi chini. Weka gia ya chini kule, L, B ama S, acha injini ishike gari.

Halafu kupoza injini, ambapo mimi sitaki mchezo. Maji ya visima vya Nakuru yana madini mengi, angalia tu ule ukoko mweupe ndani ya birika lako, sasa ndio huo unajenga ndani ya radieta. Isitoshe kwa urefu huu maji matupu huchemka karibu digrii 94, si 100. Kinachoyazuia yasichemke kwa gari ni kulanti na shinikizo la kifuniko cha radieta. Kile kifuniko kimeandikwa 0.9 ama 1.1, raba yake ikizeeka shinikizo linatoroka, na unaanza kuona gari inakunywa maji bila kuvuja popote. Ni kitu cha chini ya elfu moja. Nimeona mtu akibadilisha radieta, pampu ya maji na feni, na shida ilikuwa kifuniko. Osha mfumo, weka kulanti iliyochanganywa tayari, badilisha kifuniko na themostati (kile kidude kinachofungulia maji yazunguke injini ikipata joto), hesabu elfu sita hadi nane kwa yote. Themostati ikitolewa na fundi akikwambia "huku kwetu haihitajiki", mpe pole na utafute mwingine. Na wa Kisumu, wale wadudu wa ziwani hujaza mapezi ya radieta na ya AC mbele, puliza na maji ya kawaida kutoka ndani kuja nje, usitumie presha kali inakunja mapezi.

Malizia na alainimenti (kunyoosha magurudumu) baada ya kurekebisha bushi na boljointi, si kabla. Ukijumlisha yote utakuwa umetumia kati ya elfu arobaini na sabini. Inauma, lakini sasa unajua sifuri yako iko wapi.

HATUA YA 7: Fundi na spea

Nunua spea mwenyewe ama mwende pamoja, na ya zamani ikitolewa uiombe, uishike mkononi. Spea ziko aina tatu za kweli: za kampuni yenyewe, za watengenezaji wengine wanaoheshimika, na zilizotumika zimetoka Japani. Ya nne ni feki ndani ya boksi zuri. Kwa plagi, filta za oili, na sensa, bei ikiwa nusu ya kila duka lingine, ni ya nne hiyo. Shoki zilizotumika za Japani mimi sinunui tena, huwezi kujua zimebakisha nini, lakini taa, milango, vioo, alternata, hizo nachukua bila wasiwasi. Kisicho hapa kinaitishwa Kirinyaga Road Nairobi, wazee bado wanaiita Grogan, kinapakiwa kwa matatu asubuhi na jioni kiko steji. Tuma picha ya kile cha zamani na nambari ya chesisi, si jina la gari tu, maana Fielder ziko za aina nyingi na utatumiwa isiyoingia.

Fundi wa umeme si fundi wa injini, na wa injini si wa giaboksi. Anayekwambia anafanya zote na kupaka rangi pia, mwachie rangi. Na gari ikiwa na shida usikubali kubadilishiwa kitu kwa kubahatisha. Uliza "umejuaje ni hii?" Mwenye kazi yake atakuonyesha.

HATUA YA 8: Hesabu ya kila mwezi

Nunua kitabu cha shilingi hamsini kikae ndani ya gari. Tarehe, kilomita, nini kimefanywa, shilingi ngapi. Mwendo wa kilomita 15,000 kwa mwaka, yangu inakula hivi: sevisi tatu elfu ishirini na moja, tairi ukigawanya kwa maisha yake elfu kumi na nusu, breki elfu nne, mambo ya chini elfu kumi na tano kwa sababu ya matuta na mashimo, betri na oili ya giaboksi ukizigawanya kwa miaka elfu saba, na ya ghafla elfu kumi na tano. Inafika elfu sabini na mbili unusu, karibu shilingi tano kwa kila kilomita, elfu sita kwa mwezi, kabla ya mafuta na bima. Hiyo elfu sita inawekwa kila mwisho wa mwezi hata kama gari haijalia. Mwezi haijalia ndio unailipia mwezi italia.

Kitabu pia ndicho hukwambia wakati wa kuachana nayo. Miezi kumi na mbili ikipita na umetumia mara mbili ya hiyo hesabu, na vitu vyenyewe ni tofauti tofauti, leo alternata kesho raki keshokutwa kompresa, hiyo gari imechoka yote. Kama ni kitu kimoja kikubwa na vingine viko sawa, tengeneza ubaki nayo, maana utakayonunua badala yake itakuja na hatua ya 6 yake.

Ile yangu ya kwanza niliiuza ikiwa nzima, hatimaye. Mnunuzi alitoka Kakamega, alinipigia simu usiku akaniomba nisiwashe gari asubuhi mpaka afike. Alikuja saa moja kasoro na fundi wake, wakagusa boneti kwanza, ndio wakanisalimia.